F8 Spider na 720S Spider: farasi 720 kila moja, torki 770 kila moja. Mbona mmoja anamwacha mwenzake?

#1 MteremkoKitonga
Wakuu salaam. Kuna jambo linaninyima usingizi, wajuzi wa mitambo nisaidieni.

Ferrari F8 Spider, ya 2019: V8 ya lita 3.9, tabo mbili (za kushindilia hewa kwenye injini), farasi 720, torki (nguvu ya msokoto) Nm 770. McLaren 720S Spider, ilitangazwa Desemba 2018: V8 ya lita 4.0, tabo mbili, farasi 720, torki Nm 770. Zote injini iko nyuma ya mgongo wa dereva, zote zinasukuma kwa matairi ya nyuma, zote klachi mbili na gia saba. Mapacha waliozaliwa hospitali tofauti.

Sasa nenda kwenye karatasi za viwandani. 0 hadi 100 zote sekunde 2.9, hapo hakuna ugomvi. 0 hadi 200 McLaren wanasema 7.9, Ferrari wanasema 8.2. Halafu anatokea Porsche 911 Turbo S Cabriolet ya 2020, farasi 650 tu, gari zito kama kabati la bibi harusi, anagusa 100 kwa 2.8!

Mjerumani farasi 70 kazitoa wapi? Na Mtaliano zile nukta tatu kazidondosha wapi? Lamborghini Huracán EVO Spyder sijamsahau (farasi 640, sekunde 3.1), ila yeye namwona kaja kuimba.

Wa "hela unayo?" wapite kimya. Sina. Nina IST na bando.

#2 MamaVitz
Nimevuta kigoda. Ila IST na Ferrari kwenye uzi mmoja, Mungu anakuona 😂

#3 FundiGerezani
Uzito, mkuu, usizunguke sana. McLaren kilo 1,332, Ferrari kilo 1,400. Tofauti kilo 68, ni kama umempakia shemeji na begi lake.

Na sababu ni chesisi. Chukua boksi la viatu, toa mfuniko, shika ncha mbili ulizungushe. Linajipinda, si ndiyo? Gari likikatwa paa ni hivyo hivyo, inabidi uliongezee vyuma chini ili lisitikisike kwenye tuta. Ferrari ni alumini: F8 Tributo yenye paa la kudumu ni kilo 1,330, Spider 1,400, zimeongezeka 70. McLaren abiria wamekaa ndani ya beseni la kaboni, paa halikuwa linabeba kitu cha maana tangu mwanzo. Wao wameongeza kilo 49 tu, na karibu zote ni paa lenyewe na mota zake.

#4 BwanaHesabu
Fundi ngoja nikusaidie kikokotoo. Kilo 68 juu ya 1,332 ni asilimia 5. Sekunde 8.2 dhidi ya 7.9 ni asilimia 3.8. Nguvu zikiwa sawa, muda hufuata uzito, takriban. Kwa hiyo kwa uzito huo Ferrari ilitakiwa ichelewe *zaidi* ya inavyochelewa. Uzito unalipa deni lote na chenji inabaki. Swali lako sasa limegeuka, mleta mada: Ferrari inaokoa wapi?

#5 MswahiliWaMuttrah
Assalaam aleikum jamani. Niko Muscat, karakana, mwaka wa tisa. Mnapiga hesabu nzuri kwa namba mbovu.

Hizo kilo ni uzito mkavu: gari halina petroli, halina oili, halina maji ya rejeta, na mara nyingi limefungwa viti vyepesi vya kununua pembeni na kila kinachopunguza gramu. Gari la namna hiyo haliwaki. McLaren wenyewe wana namba mbili: mkavu 1,332, na kwa kipimo cha Wajerumani cha DIN, yaani vimiminika vyote na tanki asilimia 90, ni 1,468. Kilo 136 zimetokea wapi? Tanki ni lita 72, hata ukilijaza petroli haifiki kilo 55. Ongeza oili, maji, hidroliki, bado hujafika. Salio ni vile viti na mbwembwe nyingine.

Na Porsche sasa. Zile 1,710 za Turbo S Cabriolet ni DIN. Yeye kapimwa akiwa ameshakula na kunywa chai, wenzake wamepimwa wamefunga.

#6 MteremkoKitonga
Kumbe! Mimi nilikuwa natoa 1,400 kwenye 1,710 nasema Mjerumani kazidi kilo 310. Nimetapeliwa na broshua.

#7 FundiGerezani
#5 nakubali goli, nilisahau habari ya ukavu. Lakini hata ukilinganisha sawa kwa sawa, McLaren 1,468 na Porsche 1,710, bado Mjerumani amebeba kilo 242 zaidi na anafika 100 kwanza. Uzito haumwelezi huyo.

#8 NakuruMurram
Anaelezwa na matairi manne. Ukishaona Subaru inavyochomoka kwenye murram na gari la kusukuma nyuma linavyobaki likichimba shimo, hili swali huulizi tena.

Hadi 100 vita si vya farasi, ni vya mshiko. F8 na 720S zina tairi za nyuma 305, zinapewa farasi 720, dereva akikanyaga zote kompyuta inakata moto ili matairi yasizunguke bure. Kwa hizo sekunde mbili za kwanza huna farasi 720, una zile lami inazokubali. Porsche anagawa kwa miguu minne, nyuma amevaa 315, na injini yake imekalia ekseli ya nyuma inaikandamiza. Giaboksi yake ya PDK ina gia nane, torki Nm 800. Anaondoka kama kasukumwa na mtu.

Baada ya hapo ndipo farasi zinadai haki yao. Hata Turbo S ya paa la kudumu inafika 200 kwa 8.9. McLaren keshapita kitambo.

#9 Kipepeo_wa_Pemba
Sasa Huracán EVO nayo ni miguu minne, na ina tabo mbili kama wenzake. Mbona 3.1?

#10 NakuruMurram
Tabo ipi tena? Ile ni V10 ya lita 5.2 inayopumua yenyewe. Torki ni Nm 600 na unaipata ukishafika mizunguko 6,500 kwa dakika. Chini ya hapo inajikaza. Na kwa ukavu wao ni kilo 1,542.

#11 Kipepeo_wa_Pemba
Ahsante kwa kunirekebisha, nilichanganya.

#12 Dereva_wa_Zamu
Mimi si fundi, nasimulia nilichokiona. Niko Al Ain, namwendesha bosi mmoja. Jebel Hafeet mnaijua? Barabara ya mlimani, kilomita 11.7, kona 60, lami kama kioo cha meza. Usiku mmoja bosi akaniambia leo kaa kulia, ataendesha yeye. F8 Spider, paa chini. Mbele yetu rafiki yake na 911 Turbo S Cabriolet.

Pale chini kwenye kuondoka Porsche alikuwa ameshaenda kabla sijamaliza kufunga mkanda vizuri. Nikasema basi. Lakini kuanzia kona ya nne hivi tukawa tunaziona taa zake nyekundu zinakaribia, zinakaribia. Kwenye kona Ferrari ilikuwa inageuka kabla sijaona kona yenyewe. Sauti ya ekzosi inagonga ukuta wa mwamba inarudi usoni, na shingoni nasikia joto la injini kama mtu ameweka pasi nyuma ya kiti. Juu tulifika pamoja. Yule wa Porsche kashuka anatabasamu, nywele zimekaa. Bosi wangu kalowa jasho. Kila mmoja alisema gari lake ndilo bora, na mimi niliwaamini wote wawili.

#13 MamaVitz
"Nywele zimekaa" 🤣 Hiyo ndiyo tathmini niliyokuwa naisubiri, wengine leteni data za nywele.

#14 BwanaHesabu
Dereva wa Zamu uzi umeupa roho. Ila tusisahau dereva naye ni kipuri. Rafiki wa bosi huenda alikuwa anaogopa korongo.

#15 JiraniWaWoking
Habari za huko. Naishi Surrey, si mbali na Woking wanakoziunda McLaren, nazikuta barabarani zimefungwa namba za majaribio. Nirekebishe mawili.

Kwanza, wengine watakuja kusema zina farasi 710. Msibishane nao. 720 ni farasi za kimetriki, 710 ni farasi za Kiingereza, ni nguvu ile ile. Na 720 kwenye jina la gari ni hizo farasi, kabla mtu hajaleta habari ya ukubwa wa injini.

Pili, hizi sekunde hazipimwi kwa saa moja. Majarida ya Marekani hutoa futi ya kwanza, yaani sentimita kama 30 za mwanzo, saa inaanza gari likiwa tayari linatembea, desturi waliyoirithi kwenye mashindano yao ya drag. Hapo unaokoa nukta mbili hadi tatu. Tena wao wanapima hadi maili 60, ambayo ni kilomita 96.6, si 100. Ndiyo maana Car and Driver walipata sekunde 2.2 kwa Turbo S ya paa la kudumu wakati Porsche wenyewe wanasema 2.7. Sasa mtu anachukua namba ya jarida kwa gari hili na namba ya kiwanda kwa gari lile, analeta vita mtandaoni.

#16 NakuruMurram
Futi moja haiwezi kula nusu sekunde nzima lakini. Mjerumani anajipunja makusudi. Huandika namba ambayo hata shangazi yako ataipata Jumapili akiwa na mizigo. Mtaliano anaandika namba ya siku yake ya furaha.

#17 Kamanda_Tabo
Mnazunguka mbuyu. McLaren wanaficha farasi! Wenye hizo gari wakizipandisha kwenye mashine ya kupimia nguvu, namba inayotoka kwenye matairi inakaribia ile iliyoandikwa kwa injini. Na unajua giaboksi na ekseli lazima zile kidogo njiani. Ina maana injini inatoa zaidi ya 720.

#18 MswahiliWaMuttrah
Kamanda, nimesimama kando ya hizo mashine. Ukibadilisha kipimo cha joto la hewa kwenye kompyuta yake, gari lile lile linapata farasi 30 bila kuguswa bisibisi. Feni ya mbele ikiwa ndogo linapoteza 40. Usinioneshe karatasi, nioneshe nani alikuwa anabonyeza.

#19 Kamanda_Tabo
Sawa, lakini mbona hizo karatasi huwa zinakosea kwa upande mmoja tu? 😏

#20 MswahiliWaMuttrah
Kwa sababu anayepata namba ndogo haendi kuiweka mtandaoni.

#21 FundiGerezani
😂😂 Kamanda kaa chini upumzike.

Mimi naleta lingine la upande wa Ferrari. Kwenye 488, baba yake F8, karatasi rasmi zinasema torki ya juu Nm 760 inapatikana katika gia ya saba. Someni tena: GIA YA SABA. Gia za chini kompyuta inaibana torki kwa makusudi, inaifungulia kidogo kidogo unavyopanda gia, ili dereva ahisi injini inapanda kama zile za zamani zisizo na tabo. Sasa torki ya kwenye karatasi na torki unayopewa ukiwa gia ya pili ni vitu viwili. Kama F8 imerithi tabia hiyo, "mapacha" wa mleta mada si mapacha.

#22 MteremkoKitonga
Hii ya gia ya saba imeniua kabisa. Yaani wamenipa Nm 760 wakazifungia stoo?

#23 FundiGerezani
Utamu, mkuu. 458 Spider ya 2011 ilikuwa inafika mizunguko 9,000 bila tabo, farasi 570, torki 540 tu, na watu bado wanaililia. Ferrari waliogopa wateja waseme wamepewa injini ya kufyonza vumbi.

#24 BwanaHesabu
Lakini basi inazidi kunichanganya. Ina uzito zaidi, torki imebanwa, na bado inachelewa nukta tatu tu? Kuna kitu F8 inakifanya vizuri sana. Mimi naweka fedha zangu kwenye kubadilisha gia, au difu. Ferrari ina difu ya kielektroniki inayofunga, McLaren haina ya kufunga kabisa, ni difu ya wazi inayosaidiwa na breki kuushika mguu unaoteleza.

#25 JiraniWaWoking
Hilo la difu ni kweli. Ila katika mstari ulionyooka halina uzito sana, ni la kwenye kona. Huenda ndilo alilolihisi Dereva wa Zamu.

#26 Mpare_wa_Jozi
Salaam kutoka Johannesburg. Nimesoma yote nikicheka, maana huku mabishano yenu yote yanapinduliwa na hewa.

Mji huu uko mita 1,750 juu ya bahari, Nairobi nayo iko huko huko kwenye 1,700 na ushei. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 kila mita 100 unazopanda. Ile V10 ya farasi 640 huku ni kama 530. Tabo yeye anazungusha kwa bidii zaidi anajaza pengo, hapotezi sana. Kwa hiyo Huracán na F8 pwani ya Mombasa ni mashindano, ukizileta Nairobi ni mtu mzima na mtoto. Wapima magari wa Afrika Kusini wanalijua hili miaka yote, namba zao za gari zisizo na tabo hazifanani na za Ulaya na si kwamba hawajui kuendesha.

#27 NakuruMurram
Hii sasa ndiyo elimu. Kumbe Vitz yangu ikitoka Naivasha kurudi Nakuru inalia kwa haki yake.

#28 MamaVitz
Vitz inalia kwa sababu umepakia watu saba.

#29 BwanaHesabu
Mpare, ongeza na upande wa pili: hewa nyepesi inapunguza nguvu lakini pia inapunguza upinzani wa upepo. Kwenye spidi ya juu kabisa anarudishiwa kiasi. Kwenye kuondoka ndiko anaibiwa.

#30 MswahiliWaMuttrah
Na joto. Julai hapa ni digrii 45. Hewa ya 45 dhidi ya hewa ya 20 imepungua uzito kama asilimia 8, hilo linampata kila mmoja. Lakini wa tabo ana adhabu ya ziada: hewa inashindiliwa, inapata moto, inapita kwenye vipozeo ambavyo vyenyewe vinapulizwa upepo wa jikoni. Mara ya kwanza gari linaondoka vizuri. Mara ya tatu mfululizo kompyuta imeshaanza kuirudisha nyuma. V10 ya Huracán haina hadithi hiyo, mara ya kwanza na ya tano ni ile ile. Kwa hiyo Mpare akiwa mlimani anamcheka Lambo, mimi huku pwani mchana nimemwona Lambo akicheka.

#31 Mpare_wa_Jozi
Haya, tugawane. Wewe chukua joto, mimi nachukua kimo.

#32 Kijana_wa_Deira
Wakuu samahani kwa kuchelewa, nilikuwa kazini. Mimi Huracán EVO Spyder nimeikodi Dubai, siku moja, sikukuu, tulichanga watu watatu. Kiti ni kimoja cha abiria, kwa hiyo mmoja alikuwa anatufuata na teksi.

Performansi siwezi kuwapa, barabara imejaa kamera. Nawapa paa. Ni la turubai, sekunde 17, linafunguka ukiwa chini ya kilomita 50 kwa saa. Taa nyekundu, nikabonyeza. Likainuka, kifuniko cha nyuma kikafunguka, watu wote kwenye zebra wamesimama wanatazama, mmoja kanyanyua simu. Taa ikageuka kijani paa likiwa limesimama wima kama tanga la jahazi. Nyuma honi. Nikaenda hivyo hivyo pole pole hadi likamaliza. Sekunde 17 mchana wa Dubai ni ndefu kuliko khutba.

Sikukuu ikaishia hapo, maana kurudisha gari jamaa wa kukodisha wakaona mkwaruzo kwenye rimu, mdogo kama kucha, wakazuia amana yote. Picha za asubuhi sikupiga. Mkikodi, pigeni picha rimu zote nne, karibu, na tarehe ionekane.

#33 MteremkoKitonga
Pole mkuu. Aliyekuwa kwenye teksi alichangia amana?

#34 Kijana_wa_Deira
Alichangia na nauli akalipa. Hatusalimiani vizuri hadi leo.

#35 JiraniWaWoking
Paa la 720S ni kipande kimoja cha kaboni, sekunde 11, na unaweza kulifungua hadi kilomita 50. F8 ni gumu pia, vipande viwili, sekunde 14, mwisho 45. Porsche turubai, sekunde 12. Kwa taa za barabarani McLaren kashinda.

Na kingine hakijatajwa: paa likiwa chini 720S haifiki 341, wanasema 325. Kilomita 16 zinaliwa na upepo unaozunguka ndani. Sasa hizo 7.9 zilipimwa paa likiwa juu au chini? Karatasi haisemi.

#36 Kamanda_Tabo
Nimerudi. Hiyo ya #35 inathibitisha nilichosema: karatasi inaficha.

#37 BwanaHesabu
Kamanda wewe hata mvua ikinyesha itathibitisha ulichosema.

#38 Kipepeo_wa_Pemba
Swali la pembeni: haya magari si yameshapitwa? 296 GTS ina farasi 830 na V6 yenye umeme, McLaren wametoa 750S Spider ya farasi 750.

#39 FundiGerezani
Yamepitwa ndiyo, ila 296 kwa ukavu ni kilo 1,540 sababu ya betri na mota, na 0 hadi 100 bado 2.9. Farasi 110 zimeongezeka, nukta haijasogea. Sasa hapo rudi kwa NakuruMurram na mshiko wake. Au rudi kwangu na uzito wangu, kama una moyo.

#40 NakuruMurram
Rudi kwangu.

#41 Mpare_wa_Jozi
Ilipimwa mita ngapi juu ya bahari? 😅

#42 MteremkoKitonga
Wakuu nimeelewa mengi, na swali langu la nukta tatu bado liko mezani. Nimeandika: uzito, ukavu wa uzito, mshiko, saa za Wamarekani, torki iliyofungiwa stoo, difu, kimo, joto, paa. Nani yuko karibu na F8 aende akaipime kwenye mizani ya mahindi ikiwa na petroli?

#43 MswahiliWaMuttrah
Mizani ya magurudumu manne tunayo. F8 ipo pia, imeletwa asubuhi, paa limesimama nusu njia na mwenyewe amekaa ndani, haachi usukani. Nikilishusha nitamwomba dakika mbili nipandishe gari mizanini.

#44 MamaVitz
Mpime na mwenye gari ndani yake, wa kiwandani hawakumhesabu.

#45 BwanaHesabu
Tanki lina lita ngapi? Niandikie kabla hajaondoka.